Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Mpigakura wa California aliyeingia kituoni Novemba 4, 2008 alikuwa na kazi kubwa kuliko ya kumchagua rais. Kulikuwa na maswali 12 ya jimbo zima, kila moja na namba yake, kila moja likisubiri ndiyo au hapana. Namba 1A iliomba ruhusa ya kukopa fedha za kujenga reli ya treni ya kasi. Namba 2 ilihusu kuku wa mayai, ndama na nguruwe: je, wafugaji walazimishwe kuwapa nafasi ya kusimama, kugeuka na kunyoosha viungo? Namba 8 ilitaka katiba ya jimbo iongezwe sentensi moja, kwamba ndoa inayotambuliwa California ni ya mwanamume na mwanamke peke yake.

Barack Obama alipata asilimia 61 ya kura za jimbo hilo. Kuku walipata 63. Namba 8 ikapita kwa 52. Wapigakura wale wale walimpanulia kuku banda, wakamfungia jirani mlango wa ofisi ya ndoa.

Mlango huo ulikuwa umefunguliwa Mei mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ya California ilipoamua kwamba kuwanyima ndoa wapenzi wa jinsia moja ni kinyume cha katiba ya jimbo. Kati ya Juni na siku ya kura zilifungwa ndoa zipatazo 18,000. Mwaka 2009 mahakama hiyo hiyo ilikiri kwamba wananchi walikuwa na mamlaka ya kubadili katiba yao, ila ndoa zilizokwisha kufungwa zisiguswe. Ikawa waliowahi ofisini mwezi Septemba wana ndoa halali, na wenzao wa mtaa huo huo waliosubiri kwanza wachange fedha za karamu wakabaki hivi hivi.

Kabla ya kura palizuka ugomvi uliosahaulika upesi. Waliokusanya saini walilinadi pendekezo lao kama hatua ya kuilinda ndoa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Jerry Brown, alipoandika kichwa cha pendekezo hilo kwa ajili ya karatasi ya kura, alisema linaondoa haki ya watu wa jinsia moja kuoana. Walikwenda mahakamani kuyapinga maneno hayo, wakashindwa. Kwangu, ugomvi ule ndio kiini cha mjadala wote, kwa sababu ipo kura ya kutoa na ipo kura ya kunyang'anya, na hazipimwi kwa mizani moja.

Wengi wape, husema Waswahili, na wengine humalizia kwamba usipowapa watachukua wenyewe. Hoja hiyo isidharauliwe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima Juni 26, 2015, majaji walikuwa watano kwa wanne. Jaji Mkuu John Roberts, aliyekuwa upande wa walioshindwa, hakusema kwamba ndoa hizo ni ovu. Alisema suala lile lilikuwa mali ya wananchi, na kwamba walioshinda mahakamani walikuwa wamepoteza nafasi ya kuwashawishi wenzao wakashawishika kwa hiari. Mwenzake Antonin Scalia alikuwa mkali zaidi: kikundi cha wanasheria tisa, ambao hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura, kimejitwalia mamlaka juu ya watu zaidi ya milioni 300.

Na historia haiwapi majaji cheti cha usafi. Mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyoamua mwaka 1857 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na mwaka 1896 kwamba mabehewa ya weusi na ya weupe yaweza kutengwa bila kuvunja katiba. Mwaka 1940 ilikubali watoto wa Mashahidi wa Yehova wafukuzwe shule kwa kukataa kuisalimu bendera, na baada ya hukumu hiyo Mashahidi walishambuliwa na makundi ya watu katika sehemu mbalimbali za nchi. Miaka mitatu baadaye ikajisahihisha. Jaji Robert Jackson akaandika hukumu inayotajwa hadi leo kila suala hili linapozuka, akisema maana ya kuwa na orodha ya haki za msingi ni kuziweka mahali ambapo kura haziwezi kuzifikia. Kauli nzuri, lakini aliyeisema ni jaji wa mahakama iliyokuwa imekosea juzi tu.

Tena majaji wenyewe hawako mbali sana na kura. Mahakama ya Juu ya Iowa ilihalalisha ndoa za jinsia moja mwaka 2009, majaji wote saba wakikubaliana. Novemba 2010 watatu kati yao ilikuwa zamu yao kupigiwa kura ya kubaki au kuondoka. Wananchi wakawaondoa wote watatu.

Basi kwa nini tusiseme tu wengi wape, tukamaliza? Kwa sababu ya anayelipa. Tukipigia kura kodi, barabara au mbunge, kila aliyepiga kura ataonja matokeo. Walio wengi wakichagua vibaya, wao ndio watakaopita kwenye mashimo hayo kila asubuhi. Na aliyeshindwa anasubiri miaka mitano, huenda zamu yake ikafika. Kura juu ya haki ya kikundi kidogo haina hata moja kati ya mambo hayo mawili. Aliyeikubali Namba 8 alirudi nyumbani kwake, kwa mume au mke wake yule yule, hakupungukiwa kitu. Na walioshindwa hawakuwa na miaka mitano ya kusubiri, kwa kuwa wapenzi wa jinsia moja hawatakuwa wengi California, kama vile Waislamu hawatakuwa wengi Uswisi wala watu wenye ualbino Tanzania. Wanachoweza ni kuwabembeleza walio wengi, mlango kwa mlango, wawaruhusu kile ambacho walio wengi hawakuwahi kukiombea ruhusa kwa mtu.

Muda wa kubembeleza huko waweza kuwa mrefu mno. Mwaka 1958, shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani kuhusu ndoa za weusi na weupe, asilimia 4 tu walizikubali. Mahakama ya Juu ilifuta sheria za kuzikataza mwaka 1967, katika kesi ya Richard na Mildred Loving wa Virginia, wakati majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Kura za maoni hazikuonyesha wengi wakiunga mkono hadi miaka ya 1990. Na Alabama walipopiga kura mwaka 2000 kuyafuta katika katiba yao maneno ya kuzikataza, ambayo hayakuwa na nguvu tena, kiasi cha wapigakura wanne katika kila kumi walitaka yabaki. Baba yake Obama, Mluo kutoka Kenya, alimwoa mama yake Hawaii mwaka 1961. Ndoa hiyo ingekuwa kosa la jinai Virginia. Mtoto wao ndiye aliyepata asilimia 61 kwenye karatasi ile ile ya Namba 8, na yeye mwenyewe, kwenye kampeni za 2008, alikuwa akisema kwa imani yake ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, ingawa aliipinga Namba 8. Siasa zina mambo.

Anayetaka kuona kura ya walio wengi ikiwa tupu, bila mapambo, aende Uswisi. Huko wananchi huitwa kupiga kura mara kadhaa kwa mwaka, juu ya mambo makubwa na madogo. Mwaka 1959 Waswisi waliulizwa kama wanawake wapewe kura katika uchaguzi wa taifa. Walioulizwa, bila shaka, walikuwa wanaume, na thuluthi mbili wakakataa. Mwaka 1971 thuluthi mbili hiyo ikageuka, wakakubali. Lakini jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden liliendelea kuwafungia wanawake katika mambo ya jimbo. Kila Aprili wanaume peke yao walikusanyika uwanjani, wengi wamevaa panga au jambia la kurithi kiunoni, na silaha hiyo ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mpigakura. Swali husomwa, mikono huinuliwa, mkuu wa jimbo hutazama ni wapi ilikojaa. Aprili 1990, wanawake wakiwa nje ya duara, swali lao lilisomwa tena. Mikono ikakataa. Novemba mwaka huo mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba katiba inawahusu na wao, na Aprili 1991 wakaingia uwanjani. Ukiuliza kama utaratibu wa 1990 ulikuwa wa kidemokrasia, jibu ni ndiyo, kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: nani yuko ndani ya duara.

Novemba 2009 Waswisi wakapiga kura ya kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Serikali na bunge walilipinga pendekezo hilo. Nchi nzima ilikuwa na minara minne tu. Asilimia 57.5 wakakubali marufuku, nayo ikaandikwa katika katiba, ambamo iko hadi leo. Msomaji wa Mombasa au Unguja aliyeona Namba 8 ya California ni ushindi wa wananchi dhidi ya majaji ajaribu kuusema ushindi huo tena akiwa amesimama chini ya mnara wa Zurich. Kanuni ni ile ile. Aliyebadilika ni anayelipa.

Miaka 12 baadaye, Septemba 2021, wapigakura hao hao wa Uswisi walikubali ndoa za jinsia moja kwa asilimia 64. Kwa hiyo asije mtu akadai kwamba kura ya wananchi siku zote ni ya wahafidhina au siku zote ni ya wapenda mabadiliko.

Hapa kuna pingamizi ambalo watetezi wa mahakama hulikwepa. Kuswali, kusema na kutopigwa ni haki ambazo mtu anazo hata akiwa peke yake porini. Ndoa je? Ndoa ni taasisi ya jamii. Inahitaji mashahidi, msajili, sheria ya mirathi, na jina ambalo wengine wataliheshimu. Anayeomba ndoa haombi kuachwa tu, anaomba kutambuliwa, na kutambuliwa ni tendo la wengine. Je, wengine hao hawana sauti? Nadhani wanayo. Jamii ina haki ya kujadili ndoa iwe nini, na ndiyo maana umri wa kuoa, talaka na mitala hujadiliwa katika mabunge. Lakini pingamizi hili lina mwisho wake. Dola inapoifanya ndoa kuwa mlango wa mirathi, bima, ukaazi na uamuzi wa kitanda cha hospitali, haigawi tena heshima tupu. Inagawa vitu vya umma, na vitu vya umma vinamdai mgawaji sababu.

Ireland ndiyo mfano unaopendwa na wote wawili, mwenye kuamini kura na mwenye kuamini haki. Katiba yao haibadilishwi bila kura ya maoni, na Mei 22, 2015 asilimia 62 walikubali ndoa za jinsia moja. Jimbo moja tu la uchaguzi, Roscommon-South Leitrim, lilisema hapana. Vijana waliohamia ng'ambo walipanda ndege na meli kurudi kupiga kura. Ushindi wa namna hiyo hauna wa kuubeza, na mapadri waliopiga kampeni ya hapana walilazimika kukiri kwamba waumini wao wenyewe wamesema.

Lakini anayeianza hadithi ya Ireland mwaka 2015 anaianza katikati. Hadi 1993 mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa jinai nchini humo. Sheria hiyo ilifutwa kwa sababu Seneta David Norris, baada ya kushindwa katika mahakama za kwao, aliishtaki serikali yake katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya akashinda mwaka 1988. Hakuna kura iliyopigwa. Miaka 22 iliyofuata kufutwa kwa sheria hiyo ndiyo iliyowawezesha watu kujitaja majina mbele ya mama zao, shangazi zao na wafanyakazi wenzao bila hofu ya kukamatwa. Mwaka 2013 mkutano wa katiba wa watu 100, wengi wao raia wa kawaida waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ulikaa ukasikiliza pande zote na kupendekeza mabadiliko. Kura ikaja mwisho. Mtu hawezi kumshawishi jirani juu ya jambo ambalo kulitaja tu ni kujipeleka jela, na hapo hoja ya Roberts, kwamba washawishi wenzenu, inadai kitangulizi ambacho kura haikukitoa.

Ufundi wa kura nao hupitiwa haraka mno. Croatia mwaka 2013 iliweka katika katiba kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa asilimia 66. Waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 40, maana yake katiba ilibadilishwa na kama robo ya waliojiandikisha. Romania ilijaribu jambo hilo hilo mwaka 2018. Huko sheria inadai angalau asilimia 30 wajitokeze, wakaja kama 21, kura ikafa. Wakroatia na Waromania hawakutofautiana sana kwa maadili. Walitofautiana kwa kifungu cha sheria ya uchaguzi. Taiwan ni ajabu yake: mahakama ya katiba iliagiza ndoa hizo mwaka 2017, wapigakura wakakataa ziingizwe katika sheria ya kiraia mwaka 2018, na bunge likatunga sheria ya peke yake Mei 2019, ili mahakama itiiwe na wapigakura wasitukanwe.

Huku kwetu ndoa za jinsia moja hazijafika kwenye karatasi ya kura zikiwa peke yake. Zilifika zimefungwa ndani ya kifurushi. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya, iliyopitishwa Agosti 4, 2010 kwa asilimia 67, kinampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Mei 2019 majaji wa Mahakama Kuu walipokataa kufuta sheria ya ukoloni inayoharamisha mapenzi ya wanaume wawili, walikitegemea kifungu hicho kama sauti ya wananchi. Kura juu ya ndoa ikatumika kuamua kuhusu jela. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili jumuiya yao kama Wakenya wengine. Viongozi wa siasa na wa dini wakaishutumu kwa wiki kadhaa.

Kifurushi hicho hicho kilibeba kitu kingine. Makanisa mengi yaliwahimiza waumini wakatae katiba ile kwa sababu mbili kubwa: kifungu cha utoaji mimba, na mahakama za kadhi. Wiki chache kabla ya kura, Mahakama Kuu ilikuwa imesema kuziweka mahakama hizo katika katiba ya zamani kulikiuka misingi yake. Waislamu Kenya ni kama asilimia 11. Mahakama za kadhi zilikuwa ahadi ya mwaka 1963, serikali ya Kenya ilipokubaliana na Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani. Zilipona kwa kuwa Mkenya aliyezipinga alitaka pia ugatuzi na kupunguza makali ya rais, na hangeweza kulichomoa moja akaacha jingine. Zingepigiwa kura peke yake, kwa swali moja la ndiyo au hapana, sijui ni sheikh gani angelala usingizi usiku ule.

Uganda hawakupiga kura ya maoni. Bunge lao lilipitisha sheria kali dhidi ya wapenzi wa jinsia moja Desemba 2013, ikitangazwa kama matakwa ya Waganda wote. Agosti 2014 mahakama ya katiba ikaifuta kwa sababu wabunge waliokuwapo ukumbini hawakutimiza akidi. Sheria ya walio wengi ilianguka kwa kuwa wengi hawakuwapo. Ile ya 2023 haikuwa na kasoro hiyo, na Aprili 2024 mahakama iliiacha isimame isipokuwa vifungu vichache, ikizipa uzito mkubwa mila na matakwa ya jamii ya Uganda.

Afrika Kusini ilipita njia yake. Mahakama ya Katiba ilipofuta adhabu ya kifo mwaka 1995, Jaji Arthur Chaskalson alikiri kwamba huenda wananchi wengi wanaitaka, akasema kama maoni ya wengi yangetosha kusingekuwa na haja ya mahakama. Desemba 2005, katika kesi ya Fourie, mahakama hiyo iliamua kwamba sheria ya ndoa inabagua, lakini haikuandika sheria mpya. Ililipa bunge miezi 12. Vikao vya kukusanya maoni vilijaa hasira, na sheria ikapita kwa kura 230 dhidi ya 41, ikaanza kutumika Novemba 30, 2006. Ndani yake mliwekwa kifungu kilichomruhusu msajili wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizo kwa sababu za dhamiri. Mwaka 2020 bunge likakifuta. Sina furaha na kufutwa kule. Msajili anayeona dhambi naye sasa ni mtu wa wachache, na wachache wa jana walikuwa wamejifunza kuhesabu kura. Hata hivyo mtindo wenyewe naupenda kuliko yote niliyotaja: majaji wanasema nini hakiwezi kuendelea, na wawakilishi wanalazimika kusimama hadharani na kusema watakifanya nini.

Kwamba pande zote mbili zinahitajiana, Wamarekani wenyewe wamelitambua. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba uamuzi wa ndoa wa 2015 nao utazamwe upya. Waliokuwa wameshinda kwa majaji wakakimbilia bungeni na kwenye masanduku ya kura. Bunge lilitunga sheria ya kuzilinda ndoa hizo mwaka ule ule, na Novemba 2024 California ikapiga kura kuifuta ile sentensi ya Namba 8, asilimia 63 wakikubali.

Tanzania tuna rekodi mbili, na zinaelekea pande tofauti. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi: chama kimoja au vingi? Takriban asilimia 80 walitaka kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vingi, chama tawala, CCM, kikakubali, na Julai 1992 ikawa sheria. Wengi walisikilizwa, na bado wachache wakapewa nafasi, kwa sababu wengi hawakupungukiwa kitu: aliyependa CCM aliendelea kuwa CCM.

Rekodi ya pili ni ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka mtu aweze kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilimpa haki miaka ya 1990, bunge likabadili katiba kuizuia. Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni la bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Mtikila alifariki mwaka 2015. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hadi uchaguzi uliofuata, mgombea binafsi hakuwamo kwenye karatasi ya kura.